Picha Nzima, Hadithi Nusu

Nyinyi mnaonijia hapa Kapkatet na simu zenu, mnanionyesha harusi nzima mliyoipiga kwa asubuhi moja, halafu mnalalamika eti kidole kimechoka! Haya, kaeni kwenye hiyo benchi niwaambie habari za kuchoka. Mgongo wangu huuma kila mvua ikikaribia, na hapa kwetu mvua hukaribia kila siku baada ya chakula cha mchana. Msidhani ni uzee ulioniharibu. Ulianza kuuma miaka ya tisini, nikiwa msichana mwenye nguvu zake, na aliyeuharibu ni mtu niliyempenda kuliko watu wote.

Huyo ni babu yangu. Sisi Wakipsigis babu tunamwita kugo, na hivyo ndivyo nitakavyomwita hapa, maana hata leo ulimi wangu haujui kumwita vingine. Watu wengine, kutoka hapa hadi kule Bomet, walimwita arap Picha, yaani mwana wa Picha, kana kwamba alizaliwa na kamera. Ndiye aliyenifunza kazi ya picha. Niliishika mpaka macho yaliponikataa nikafunga studio, na sasa mnataka niwape siri zake. Siri hakuna. Kuna vitu vidogo vidogo tu, na usingizi ambao sijawahi kuulala wote.

Kwa mfano, mkimsimamisha mtu katikati ya shamba la chai jua likiwa kali, uso wake utatoka wa kijani, hasa chini ya kidevu. Majani yanarusha rangi yao juu. Tulipokuwa tunatumia filamu nyeusi na nyeupe hatukujua jambo hilo, lakini za rangi zilipoenea tulianza kupata maharusi wanaofanana na watu waliokula kitu kibaya. Kugo akatafuta gunia jeupe la sukari, akawa analitandika chini mbele ya mteja, mahali kamera haifiki. Mwanga ukirudi usoni unakuwa safi. Simu zenu sijui zinafanya nini kuhusu kijani, lakini mimi gunia langu bado liko nyuma ya mlango.

Halafu kuna mvua ya mawe. Hiyo haina siri yoyote. Ukiona wachuma majani wameanza kutazama upande wa msitu, funga kamera, kimbia.

Na kukimbia ndiko Kugo alikojua. Ujanani alishindana mbio za wilaya, akaachwa nyuma na watu ambao aliwataja kwa furaha mpaka siku zake za mwisho, kana kwamba walimfanyia heshima kumshinda. Alipozeeka hakuacha. Alivaa akala, zile sandali za tairi, akafunga kamera kwa nailoni za mkate, akaibana kwapani, akateremka barabara ya udongo mwekundu na magoti yake membamba yakipandapanda. Watoto wa shule walimfuata wakachoka wakamwacha. Siku moja nilimwambia, "Kugo, si upande gari kama watu wengine?" Akanishangaa. "Gari itanipitisha manyumba ya watu yangu yote. Nani atanipatia maziwa?" Kweli alijua ni boma gani lina mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu, iliyokomaa siku gani. Alirudi jioni amejaa maziwa, akala chakula kidogo kwa adabu tu.

Sasa mnisikilize vizuri kuhusu jinsi alivyopiga picha, maana hapo ndipo habari yangu yote ilipo. Watu wetu wa zamani walipoona kamera walisimama kama wanaimba wimbo wa taifa. Mikono chini, shingo ngumu, macho yametoka. Ungewaambia wacheke, wangekuuliza wamcheke nani. Kugo hakuwaambia lolote kuhusu kucheka. Aliwaanzishia hadithi. Alizungumza huku ameinamia kamera yake, ile ya kutazamwa kutoka juu, na hadithi ilikwenda ikikolea, mtu akasahau mikono yake, akasahau shingo, akaanza kusogea mbele kidogo kwa hamu. Palepale hadithi ilipofika pabaya zaidi, Kugo alibonyeza. Kisha alisimama akanyoosha mgongo. "Imekwisha. Mwisho utakuja na bicha."

Walimtukana, wakamshika shati, wakamwahidi kuku. Hakusema. Mwisho alikuja kuutoa siku ya kupeleka picha, tena mlangoni kwako, akiwa ametoka mbio, jasho linamtiririka. Ndiyo maana hakuna aliyemsahau, na hakuna aliyewahi kuacha picha yake ikae kwetu ikipata vumbi. Nyinyi mnatuma picha kwa mtu na hata hajibu. Yeye alisubiriwa barabarani.

Mimi kazi yangu ilikuwa kuosha picha na kuzitoa. Dakrumu yetu, yaani chumba cha giza, ilikuwa kona ya jiko iliyozibwa kwa blanketi, na filamu tulizianika darini juu ya moto, pamoja na mahindi. Kwa hiyo picha zetu zote zilinuka moshi. Kulikuwa na Ouma, kijana wa kutoka upande wa ziwa aliyekuwa akilisha kuni tanuri la kiwanda cha chai. Alimpelekea mama yake picha nyumbani, mama akajibu kwamba ameiweka chini ya mto kwa sababu inanuka kama mwanawe. Ouma alicheka mpaka akakohoa. Nilijivunia moshi wetu tangu siku hiyo, ingawa ulitugharimu pia. Wakati mmoja nyanya alikuwa anasafisha vibuyu vya maziwa kwa kijiti chenye makaa, kama inavyotakiwa, na masizi yakapanda darini yakanata kwenye filamu mbichi ya harusi. Kwa kuwa cheusi kwenye filamu hutoka cheupe kwenye picha, bibi harusi akatoka na vitone vyeupe mwili mzima kama aliyemwagiwa unga. Mama yake akaitazama ile picha, akamtazama Kugo. "Arap Picha, huyu msichana yangu aliingia posho mill saa ngapi?" Kugo alirudia picha zote, gauni likavaliwa tena, na hadithi nyingine ikaanzishwa, kwa sababu ile ya kwanza walishapata mwisho wake. Tangu hapo nyanya alipiga hodi jikoni mwake mwenyewe.

Nimeshawaambia Kugo alipeleka picha peke yake. Mimi nilibaki na maji na dawa na blanketi langu. Hivyo mianzo ya hadithi niliisikia mingi, maana nilimtandikia gunia, lakini miisho sikuwahi kuisikia hata mmoja. Nikimuuliza, alinijibu, "Wewe ulipigwa bicha lini?"

Alianguka asubuhi, kwenye lango la ng'ombe, akiwa amevaa akala zake tayari kutoka. Upande wa kulia wote ulikufa ganzi, mkono na mguu, na sauti ikaenda. Tulikaa naye hospitalini mpaka wakaturuhusu. Sista aliyetufungulia mlango wa gari aliniambia, "Umtembeze kila siku, hata kama ni kidogo. Mguu ukikaa utakauka, na mzee mwenyewe atafuata." Nikasema sawa. Nilidhani mtu aliyekimbia maisha yake yote hahitaji kubembelezwa kutembea.

Alikataa. Nyanya alikuwa ameshatuacha, nyumbani tulikuwa wawili, na mmoja wetu aligeukia ukuta. Nilimletea uji, akafunga mdomo. Nilimnyanyua, akajilegeza makusudi, na mzee aliyejilegeza ni mzito kuliko gunia la mbolea. Nikamsomea Biblia, nikamwimbia, nikamgombeza. Nilimweleza alivyosema sista, nikalia, na yeye akafumba macho. Nilielewa, ndugu zangu. Alikuwa ameamua. Nikawa naamka asubuhi nikiogopa kumgusa mguu nisije nikaukuta umekauka kweli.

Katikati ya hayo kazi ilikuwa palepale. Filamu ya mwisho aliyopiga ilikuwa imebaki ndani ya kamera. Nikaiosha, nikaitoa, ikatoka nzuri mno. Nikabeba bahasha nikaenda kupeleka mwenyewe, kwa miguu, maana watu walikuwa wamezoea kuletewa. Mwendo wa Kugo sikuuweza. Nilifika kila nyumba nimechoka, na kila nyumba waliniuliza swali moja.

"Picha ni poa, sister," Ouma aliniambia pale nje ya kiwanda, majivu yamemjaa kwenye nyusi. "Lakini yule fisi wa hadithi, aliingia kwa ile nyumba ama hakuingia?"

"Sijui, Ouma."

"Si umuulize mzee."

"Mzee haongei."

Aliitazama picha yake muda mrefu. "Basi mimi nitasema aliingia," akasema, na akaenda kuvaa glavu zake. Wengine walifanya hivyohivyo. Walichukua picha, wakanipa pole, wakajitungia mwisho wao au wakauacha. Nilikuwa narudi nyumbani na bahasha nyepesi na moyo mzito, kwa sababu niliona mambo yake yanaisha moja moja mkononi mwangu.

Aliyekataa ni Kogo Tapkigen. Kogo ni nyanya kwa lugha yetu, na huyu alikuwa mjane aliyeishi juu kabisa ya kilima, kupita kituo cha kupimia majani. Katika maisha yake yote hakuwa amepigwa picha ila hiyo moja. Kugo alikuwa amemwanzishia hadithi ya mtu mmoja mwenye mbio kuliko kijiji chote, aliyekutana na Chemosit kwenye kivuko cha mto. Chemosit mnamjua, zimwi letu la mguu mmoja ambalo mama zenu waliwatishia mlipokataa kulala. Chemosit akasema, ukitaka kupita, shindana na mimi mpaka kilimani. Wakaanza. Yule mtu akatimua mbio, akaona ameacha mbali, na alipokaribia kilele akasikia nyuma yake… Hapo Kugo alibonyeza.

Picha ilionyesha mwanamke mzee mwenye masikio marefu ya kutogwa, ameinama mbele, mdomo wazi, na macho ya msichana mdogo. Nilikuwa sijaona picha nzuri hivyo. Kogo aliishika, akaigeuza nyuma, akanirudishia.

"Alisikia nini?"

"Kogo, sijui. Kugo ni mgonjwa, haongei."

"Basi rudisha hii. Bicha na mwisho ni kitu moja. Mimi nusu sitaki."

Nilimbembeleza. Nilikuwa nimepanda kilima kile kwa miguu na mvua inanukia. Akanipa mursik ninywe, akaniambia niende salama, na bahasha yangu nikarudi nayo.

Kesho yake nilikuwa nafua nilipomwona anaingia langoni, fimbo mkononi na kibuyu begani. Aliteremka peke yake kile kilima. "Chamgei," akanisalimu, akanipita, akaingia moja kwa moja kwa Kugo, akaketi kwenye kigoda kando ya kitanda chake. Kugo alikuwa anautazama ukuta wake. Kogo hakumpa pole. Hakumuuliza anaendeleaje. Alianza kumsimulia hadithi yake mwenyewe, ile ya Kugo, kutoka mwanzo. Mtu mwenye mbio. Kivuko. Chemosit na mguu wake mmoja. Alisimulia vibaya, aliruka mahali pazuri na kurefusha mahali pabaya, na mimi nikiwa mlangoni na sabuni mikononi niliona bega la Kugo linashtuka kila alipokosea.

"Sasa yule mtu akafika karibu na juu," Kogo akasema, "akasikia nyuma yake…" Akachukua fimbo yake akasimama. "Mwisho nimeshajua. Nimefikiria usiku yote. Mwisho iko kwangu huko juu. Ukitaka, kuja uchukue."

Kugo aligeuka. Kwa mkono wake mzuri alishika kikombe cha uji akakirusha, kikagonga kizingiti, na sauti aliyoitoa sikuwahi kuisikia kwa binadamu. Kogo aliinama akaokota kikombe, akanipa. "Yeye iko mzima," akasema, akaenda zake.

Nilipoingia asubuhi iliyofuata, mguu wake wa kulia ulikuwa umening'inia nje ya kitanda. Alikuwa ameusukuma kwa mkono. Alinitazama kwa hasira, kama mtu aliyecheleweshewa gari.

Basi hapo ndipo mgongo wangu ulipoanza. Tulianza na mlango. Nilimwekea bega langu chini ya kwapa lake, pale alipozoea kubana kamera, na mwili wake wote ukaja juu yangu. Tukafika lango la ng'ombe. Siku nyingine tukafika mwanzo wa chai. Nilikuwa naamka na kukamua, naosha picha za watu, namtembeza Kugo, nampikia, namwogesha, halafu nalala na nguo zangu. Alianguka nami nikaanguka chini yake. Mvua ilitunyeshea tukiwa hatufiki mbele wala nyuma. Kwenye kituo cha kupimia majani wakulima walitupisha foleni, wakatoa kofia, na karani akazuia mizani mpaka tupite, jambo ambalo hata chifu hakuwahi kufanyiwa. Kugo hakuwatazama. Alitazama kilima.

Nilichoka, nawaambia kweli. Nilichoka mpaka nikatuma mtoto kwa Kogo Tapkigen kumwomba aje amalizie hadithi yake hapahapa chini, kwa huruma tu. Mtoto akarudi na jibu kwamba Kogo anasema miguu yake imezeeka, haiwezi kilima. Nililia kwa hasira, kisha nikacheka, na Kugo akacheka kwa upande mmoja wa uso.

Mpaka siku tuliyofika. Mahindi yalikuwa yameshaanza kubeba ndevu. Kogo alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake anasugua kibuyu, na alipotuona hakusimama. Alitutazama tukipanda ile njia yake, hatua, pumzi, hatua, pumzi. Kugo alikataa kigoda. Alisimama ameegemea bega langu na fimbo, anatetemeka miguu yote miwili, akangoja chake.

"Haya," Kogo akasema. "Yule mtu akafika karibu na juu. Akasikia nyuma yake kitu imeanguka ndani ya maji. Chubwi! Chemosit ameteleza, ameingia mto, amekufa. Yule mtu akashinda, akaoa. Imekwisha."

Nilihisi mwili wa Kugo unakakamaa. Nilidhani anaanguka, nikajiandaa, maana mgongo ulikuwa umeshajifunza.

"Hapana," Kugo akasema.

Ilitoka nzito, imepinda, na mate, lakini ilikuwa hapana. Kogo aliweka kibuyu chini.

"Hapana," akarudia, amekasirika kabisa, hadithi yake imeharibiwa mbele yake. Mdomo wake ulihangaika. Neno lililofuata alilitafuta muda mrefu mpaka machozi yakamtoka, na sisi wanawake wawili hatukumsaidia. "Ni," akasema. "Ningo. Ningoje."

"Ni nani anasema?" Kogo akauliza polepole. "Ni Chemosit? Yule mtu alisikia Chemosit iko nyuma inaita, ningoje?"

Kugo akatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Na yule mtu?"

Kugo alinitazama mimi. Nilikuwa nimeloa jasho, gauni limechafuka matope mpaka kiunoni, bega moja limeshuka kuliko jingine. Akalivuta neno kutoka mbali, herufi baada ya herufi, na likaja zima.

"Akamngoja."

Kogo Tapkigen alinyoosha mkono akaniomba picha yake, nami nikampa ile bahasha niliyokuwa nimeibeba kifuani. Mimi na Kugo tukaanza kuteremka, taratibu, na mvua ikatukuta kabla hata ya kufika kwenye mizani.